Kodi ya fremu: tunalolilalamikia Hatta ndilo tunalolifanya nyumbani



Mimi ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Nasoma mijadala ya katiba, ya uchaguzi, ya uraia pacha, nanyamaza. Lakini kuna jambo limenikaba koo na naona nikizidi kunyamaza nitakuwa mnafiki. Leo naomba tuzungumzie fremu. Ndiyo, fremu ya duka, kodi ya pango, mwenye nyumba na mpangaji. Najua wapo watakaosema hilo si suala la siasa. Wavumilie kidogo, wasome mpaka mwisho.

Nianze na kisa, maana bila kisa mtasema naleta nadharia.

Wengi mkisikia Dubai mnafikiria Deira, Naif, mizigo ya kontena na maghorofa ya Marina. Hatta ni Dubai nyingine kabisa. Iko milimani, kama kilomita 130 kutoka mjini, kipande kilichotengana na Dubai yenyewe, jirani zake ni Oman na emirati nyingine. Barabara ya zamani ilikuwa inapita ndani ya ardhi ya Oman. Siku hizi wengi wetu wenye pasi za Afrika tunazungukia upande wa Sharjah. Kihistoria sehemu hii ilikuwa ya Oman, ikaingia mikononi mwa Dubai katika karne ya 19, zama za Sultan Turki bin Said. Huyo ni ndugu kwa baba wa Sayyid Barghash tunayemjua wote wa Unguja. Kwa hiyo Hatta yenyewe imeshabadilisha mwenyewe, na watu wake wakabaki palepale kwenye mitende yao. Kumbukeni jambo hilo, nitalirudia.

Mwaka 2016 serikali ya Dubai ilitangaza mpango wa kuiendeleza Hatta kwa dirhamu bilioni 1.3. Toka hapo watalii wakaanza kumiminika: kayaki bwawani, baiskeli za milimani, kulala vibandani. Na penye watu pana biashara. Mwishoni mwa 2022 mdogo wangu, tumbo moja, akanipigia simu: "Kaka, nimepata fremu Hatta. Kuna bwana anaondoka, ananiachia duka na rafu zake." Alitaka kuuza maji, kofia za jua, viatu vya kukanyagia mawe mtoni, na pembeni vikoi na viungo vya kwetu. Wazo lilikuwa zuri. Nikamkopesha nusu ya mtaji.

Sasa hapa ndipo tulipokosea, na nasema "tulipokosea" kwa sababu nilikuwepo wakati pesa zinahesabiwa. Yule bwana hakuwa mwenye nyumba. Alikuwa mpangaji kama sisi. Alidai dirhamu 35,000 za kilemba. Huku Waarabu wanaita khuluu, maana yake ni malipo ya mtu kuondoa mguu wake akupishe. Mtu wa Kariakoo haoni ajabu kulipa kilemba. Amekikuta na atakiacha. Tukalipa. Mkataba ukabaki kwa jina la yule bwana, leseni ya biashara kwa jina lake, hundi za kodi kwa jina lake. Mdogo wangu alikuwa anampa taslimu kila mwezi, na karatasi pekee aliyokuwa nayo ni risiti iliyoandikwa kwa mkono.

Msimu wa kwanza ulikwenda vizuri. Ikaja kiangazi cha 2023. Hatta wakati huo joto linapita nyuzi 40, watalii hakuna, utafungua duka umuuzie nani? Mama alikuwa anaumwa nyumbani. Mdogo wangu akafunga katikati ya Juni akaenda Dar, akarudi mwishoni mwa Agosti. Alikuta makaratasi mlangoni.

Mwenye nyumba, mzee wa palepale Hatta, alikuwa amepita akaona kufuli. Akapita tena, kufuli. Akauliza majirani, akaambiwa duka ni la Mwafrika fulani aliyekwenda kwao. Akashangaa, maana mkataba wake hauna Mwafrika. Akafungua kesi. Na kwa kweli ndugu zangu, mzee hakututukana wala hakutufokea. Alisema sentensi moja tu ambayo mpaka leo inanirudia usiku: "Mimi simjui kijana huyu. Ningemjua, tungezungumza."

Tulitolewa. Rafu zikauzwa bei ya mkaa. Yule bwana wa kilemba alikuwa ameshaondoka nchini.

Kama kawaida yetu, maneno yakaanza. Nchi ya watu, sheria ya wenyewe, Mwafrika hana haki hapa, Mwarabu humshindi kwake. Na mimi nilikuwa wa kwanza kuyasema. Mpaka nilipokaa chini nikaisoma hiyo sheria yenyewe, jambo ambalo nilipaswa kulifanya kabla ya kuhesabu pesa.

Upangaji Dubai unaongozwa na Sheria namba 26 ya 2007, iliyorekebishwa na Sheria namba 33 ya 2008. Hatta ni sehemu ya emirati ya Dubai, kwa hiyo sheria ni hiyohiyo ya Deira. Kifungu cha 24 kinasema mpangaji haruhusiwi kumpangisha mtu mwingine bila ridhaa ya maandishi ya mwenye mali, ila kama wamekubaliana vingine. Kifungu cha 25 kinataja sababu za kumtoa mpangaji kabla mkataba haujaisha. Mojawapo ni hiyo ya kupangisha juu kwa juu. Akikamatwa, wanatoka wote wawili, wa kwanza na wa pili, na huyu wa pili anabakiwa na haki ya kumdai fidia yule aliyempangisha. Sababu nyingine ni kuliacha duka tupu bila sababu ya msingi siku 30 mfululizo, au siku 90 zisizofuatana ndani ya mwaka, isipokuwa kama mmekubaliana vingine. Someni tena maneno hayo: isipokuwa kama mmekubaliana vingine. Kwa duka la Hatta linaloishi kwa msimu, mstari mmoja ndani ya mkataba ungetosha: "Duka litafungwa Julai na Agosti." Lakini utakubaliana vipi na mtu asiyejua kama upo?

Sasa tazameni upande wa pili wa sheria hiyohiyo, ambao sisi walalamikaji hatuutaji. Mwenye nyumba akitaka kubadili masharti wakati wa kuhuisha mkataba, kodi ikiwemo, lazima amwarifu mpangaji siku 90 kabla mkataba haujaisha, ila kama mkataba unasema vingine. Kodi haipandi anavyotaka. Kwa Amri namba 43 ya 2013, kama kodi yako imepungua chini ya wastani wa soko kwa asilimia 10 au pungufu ya hapo, haipandi hata senti. Ikiwa iko chini kwa asilimia 11 hadi 20, inapanda asilimia 5 tu, na ngazi zinaendelea hivyo mpaka kikomo cha asilimia 20. Akitaka kuvunja ajenge upya, au kuuza, au kulitumia duka mwenyewe, anasubiri mkataba uishe na anatoa notisi ya miezi 12 kupitia notari au kwa posta ya rejista. Na akishalichukua kwa matumizi yake, kama ni mahali pa biashara, haruhusiwi kumpangisha mtu mwingine kabla ya miaka mitatu kupita. Akivunja hilo, mpangaji wa zamani anaweza kudai fidia. Haruhusiwi kukukatia maji na umeme ili utoke. Na akiuza nyumba, mnunuzi anakukuta ndani na mkataba wako unaendelea, kama vile watu wa Hatta walivyobaki na mitende yao ilipobadilika bendera.

Mgogoro ukitokea kuna kituo maalum cha kesi za upangaji, kilichoundwa kwa Amri namba 26 ya 2013. Si cha bure. Ada ni asilimia 3.5 ya kodi ya mwaka, isiyopungua dirhamu 500, na nyaraka zako lazima ziwe kwa Kiarabu. Mtu mdogo akifikiria ada, mkalimani, nauli ya Hatta mpaka Deira na siku za kazi anazopoteza, wengi wanakata tamaa. Hilo nalikiri, sitaki kuipamba nchi ya watu kama wakala wa utalii. Na ulinzi wote huo una mlango mmoja wa kuingilia: mkataba uliosajiliwa kwa jina lako, kile wanachokiita Ejari. Bila Ejari hupati leseni. Aliye nje ya mlango ule anaweza kulipa kodi miaka kumi akabaki mgeni wa mgeni.

Kwa hiyo mdogo wangu hakuonewa na sheria. Aliumizwa na mtu aliyempangisha kisichokuwa chake, na na mimi kaka yake niliyedhani mambo ya Kariakoo yanasafiri.

Sasa tuje nyumbani, maana huko ndiko nilikokuwa naelekea.

Siku ile tumekaa kwenye ukumbi tukisubiri kuitwa, simu yangu ikaita. Alikuwa binamu yangu kutoka Dar. Nina fremu mbili Mbagala, nilizijenga kwa pesa ya huku, kama wengi wenu mlivyojenga. Moja alikuwemo dada mmoja fundi cherehani, mwaka wa sita huo. Binamu akaniambia: "Kaka, yule wa duka la simu ameongeza dau. Nimwambie mama cherehani atoke mwisho wa mwezi?" Nikamjibu mwambie atoke. Sikufikiri hata dakika moja. Nikakata simu nikarudi kumlaumu mzee wa Hatta.

Ilikuwa usiku, nimelala, ndipo nikaona nilichofanya. Miaka sita. Hakuna mkataba, hakuna notisi, hakuna sababu zaidi ya tamaa yangu. Wateja wake wote wanajua yuko pale, kibao chake cha rangi nyekundu kiko pale, meza ya kukatia aliitengeneza kwa pesa yake na kuipigilia ukutani. Mzee wa Hatta alikwenda kwa hakimu, akapeleka ushahidi, akasubiri hukumu. Mimi nilitumia simu ya dakika mbili. Kati yetu sisi wawili, mkatili ni nani?

Nilimpigia yule dada baada ya siku chache. Alikuwa ameshahama, anashonea kwenye kibaraza cha shemeji yake. Hakulalamika. Alisema, "Nyumba ni yako, kaka." Kumbe alikuwa amelipa miezi miwili mbele, na binamu hakuniambia wala hakumrudishia. Nilizirudisha pesa zile. Fremu sikuweza kumrudishia, wa simu alikuwa ameshaingia. Mpaka leo jibu lake naliona ni zito kuliko matusi, kwa sababu ni kweli tupu: kwetu nyumba ni yangu, basi, hakuna la zaidi.

Wengine hawajui kwamba haikuwa hivyo siku zote. Tanzania Bara ilikuwa na Sheria ya Kudhibiti Kodi ya mwaka 1984, yenye mabaraza yake ya nyumba, na mwenye nyumba hakuweza kumtoa mtu au kupandisha kodi kwa simu. Sheria ile ilifutwa mwaka 2005. Hoja za kuifuta zilikuwepo, na nyingine zilikuwa za kweli: kodi zilizobanwa mno hufanya watu wasijenge. Lakini tulichofanya ni kung'oa paa kwa sababu lilikuwa linavuja. Toka hapo tumebaki na Sheria ya Ardhi ya 1999 na mkataba wenu nyinyi wawili. Mwenye shida anakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kwenye foleni moja na kesi za mashamba na mirathi.

Na mkataba wenyewe ni kichekesho. Mpangaji wa biashara anatakiwa na sheria akate asilimia 10 ya kodi ya pango aipeleke TRA, yaani akatwe mwenye nyumba. Nenda Kariakoo ukamwambie mwenye nyumba unamkata asilimia 10. Atakuonyesha mlango. Kwa hiyo mpangaji anailipa yeye juu ya kodi kamili, au wanaandika mikataba miwili, mmoja wa TRA wenye kodi ndogo, mwingine wa kweli unaokaa kabatini. Siku ya ugomvi, huo wa kabatini haujalipiwa ushuru wa stempu, na mkataba usiolipiwa stempu haupokelewi kama ushahidi mpaka ulipiwe. Mpangaji ana karatasi, lakini ni kama hana. Na kilemba chake hakijaandikwa popote.

Tulishuhudia Kariakoo ikifunga maduka Mei 2023, na tena Juni 2024. Yaliyosemwa sana ilikuwa ni kodi za serikali na namna ya kuzikusanya, na walikuwa na haki ya kusema. Novemba 2024 jengo likaporomoka palepale Kariakoo, asubuhi ya biashara, likaua zaidi ya watu 20. Tulilia, tukachangishana. Lakini nani kati yetu aliuliza mikataba ya waliopanga mle ilisema nini kuhusu usalama wa jengo? Mpangaji asiye na haki ya kubaki hathubutu kuuliza nyufa ni za nini. Akiuliza sana, kuna anayesubiri fremu yake na kilemba mkononi. Ndiyo maana nasema hili ni suala la siasa.

Wapo watakaosema: unataka tuige Dubai, nchi ya mafuta, yenye mfumo wa usajili ambao sisi hatuna. La, sisemi hivyo. Tazameni jirani. Kenya ina sheria ya wapangaji wa maduka, hoteli na migahawa, Sura ya 301, toka mwaka 1965. Ile imefanya kitu cha busara sana. Inamlinda hasa mpangaji wa biashara ambaye makubaliano yake hayakuandikwa, au yaliyoandikwa kwa muda usiozidi miaka mitano. Mwenye nyumba akitaka kumtoa au kubadili masharti anatoa notisi ya miezi isiyopungua miwili, kwa maandishi na kwa sababu, na mpangaji anaweza kupeleka shauri kwenye baraza maalum la kodi za biashara. Baraza lile lina ucheleweshaji wake na Wakenya wenyewe wanalilalamikia. Lakini oneni tofauti ya mawazo. Dubai inasema: leta karatasi nikulinde. Kenya ilisema: huna karatasi, ndiyo maana nakulinda. Kwa nchi ambayo wapangaji wengi wa fremu ni mama cherehani na vijana wa vocha, ipi inatufaa zaidi?

Mimi naona tuchanganye. Tuwe na sheria fupi ya upangaji wa biashara. Kwanza, notisi ya maandishi isiyopungua miezi sita kwa mpangaji aliyekaa zaidi ya mwaka mmoja, awe na mkataba au asiwe nao. Pili, kilemba kiandikwe au kipigwe marufuku, kisibaki gizani. Tatu, mwenye nyumba anayemtoa mtu kwa madai ya kulitumia duka mwenyewe, kisha akampangisha mwingine, alipe fidia. Nne, mabaraza ya wilaya yawe na siku maalum za kesi za fremu, kwa ada ambayo fundi cherehani anaiweza. Na tano, asilimia 10 idaiwe kwa mwenye nyumba moja kwa moja, isipitie mgongoni mwa mpangaji.

Najua pingamizi litatoka wapi. Litatoka kwetu, humu humu. Nani ana fremu Mbagala, Sinza, Mwanakwerekwe na Kisauni? Ni sisi tuliojibana kwenye vyumba vya watu wanane Dubai, Muscat na London ili tujenge. Tutasema nimejenga kwa jasho langu, leo serikali inanipangia? Nalielewa neno hilo, maana nimelisema. Lakini yule dada naye ana jasho. Sisi tukitolewa kazini huku bila notisi tunapiga kelele mpaka ubalozini.

Kwa upande wangu, sikusubiri Bunge. Fremu zangu zote mbili sasa zina mikataba iliyolipiwa stempu, na ndani kuna notisi ya miezi sita. Asilimia 10 nakatwa mimi. Binamu alinuna, akasema nimelogwa na Waarabu. Mdogo wangu ameajiriwa ghala moja Al Quoz, anadunduliza tena. Akipata fremu nyingine, tumekubaliana jambo moja: kabla ya kutoa dirhamu moja, aende kwa mwenye nyumba mwenyewe, anywe kahawa naye, ajulikane.

Nakaribisha kupingwa, lakini mwenye kunipinga aanze kwa kutuambia mpangaji wake ana notisi ya siku ngapi.

Naomba kuwasilisha.